Mwanafunzi Aliyefika Ibadani Akiwa Amechelewa



Nianze kwa kuungama jambo. Mwezi uliopita nilikaa na rasimu ya bajeti ya kanisa, kalamu nyekundu mkononi. Idara ya vijana ilikuwa imeomba shilingi 78,000 za safari ya siku nne: kukodi matatu ya viti 14, mafuta, chakula na malazi, kutoka hapa Nakuru kwenda Njoro, Eldoret, Kakamega na Maseno, kuwatembelea watoto wetu walio vyuoni na kushirikiana na CU zao. Nilisoma biashara, na mnanijua mambo yangu ya hesabu. Nikauliza: tutarudi na nini? Sikupata jibu la kuandika kwenye safu. Nikapiga mstari.

Jumapili iliyofuata mama mmoja alinishika mkono mlangoni. Mtoto wake alikulia hapa, nikamfundisha mimi mwenyewe shule ya Jumapili. Sasa yuko mwaka wa tatu na hata akija likizo haingii kanisani. Mama akaniuliza, pasta, tangu mtoto aende, kuna mtu wa kanisa amewahi kufika kule alipo? Nikamwambia tunamwombea. Akaitikia amina, akaenda zake. Lakini jibu langu lilinikaa kooni wiki nzima.

Ndipo nikarudi kusoma maisha ya John R. Mott. Wengi wetu hatumjui siku hizi, lakini wakati wake alijulikana duniani kote. Nimeona niwasimulie, kwa sababu maisha yake yote yaligeuzwa na safari kama ile niliyoipigia mstari.

Mott alizaliwa tarehe 25 Mei 1865, jimbo la New York, Marekani. Kabla hajatimiza mwaka, wazazi wake walihamia Postville, mji mdogo wa jimbo la Iowa. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mbao. Nyumba yao ilikuwa ya Wamethodisti, ya kusali na kusoma. Akiwa na miaka 16 aliingia chuo cha Upper Iowa, na mwaka 1885 akahamia Chuo Kikuu cha Cornell, mbali na nyumbani. Mbele yake aliona njia mbili: awe mwanasheria, au arudi kwenye mbao za baba yake. Zote mbili ni kazi za heshima. Lakini ni kijana aliyekulia kanisani, sasa yuko mbali na mama, mbali na mchungaji wake, anapanga maisha yake mwenyewe. Si tunawajua wa namna hiyo?

Januari 1886 akaja mgeni pale Cornell. Jina lake Kynaston Studd, Mwingereza, aliyekuwa nahodha wa timu ya kriketi ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Ndugu yake mdogo, C. T. Studd, ndiye yule mchezaji maarufu aliyeacha sifa na mali akaenda Uchina kuhubiri, na baadaye Kongo, ambako alifariki mwaka 1931 pale Ibambi. Mwaka 1885 vijana saba wa Cambridge, C. T. akiwa mmoja wao, waliondoka pamoja kwenda Uchina, na habari hiyo ikatikisa vyuo vya Uingereza. Mwinjilisti D. L. Moody akaona wanafunzi wa Marekani nao wasikie. Akamwalika Kynaston avuke bahari, azunguke chuo hadi chuo.

Jioni ile Mott alifika amechelewa. Alipoingia ukumbini, Studd alikuwa akitaja maandiko ya somo lake: Yeremia 45:5, pale Baruku anapokatazwa kujitafutia makuu, na Mathayo 6:33, pale Yesu anapotuambia kitu cha kutafuta kwanza. Mafungu mawili tu. Mott aliyekuwa akiwaza uanasheria na ukubwa, yakampiga kifuani. Hakulala vizuri usiku ule. Kesho yake akaenda kumwona Studd peke yake, wakaongea. Studd hakumpa maelezo marefu. Alimwelekeza ayachunguze Maandiko mwenyewe na amfuate Kristo.

Hapa niliposoma nilisimama kidogo. Jaribuni kuliweka jambo hili kwenye hesabu. Nauli ya meli, nauli ya treni, malazi, wiki nyingi za kazi; na kwenye chuo kimoja, mwanafunzi mmoja aliyechelewa akashikwa na sentensi chache. Kama Moody angeniletea ripoti hiyo mwisho wa mwezi, ningemwambia safari ilikula hasara.

Sasa tazameni kilichofuata. Mott akawa kiongozi wa chama cha vijana Wakristo pale Cornell, YMCA, na wanachama wakaongezeka mara kadhaa. Julai ile ile ya 1886, Moody aliwakusanya wanafunzi wapatao 250 kutoka vyuo vingi, pale Mount Hermon, Massachusetts, wajifunze Biblia kwa karibu mwezi mzima. Mott alikuwepo. Alikuwepo pia Robert Wilder wa Princeton, mtoto wa wamisionari aliyezaliwa India. Wilder alikuwa na mzigo wa mataifa, na kabla ya kuja alikuwa ameomba sana pamoja na dada yake Grace. Kambi ilipofungwa, vijana 100 walikuwa wamejitoa kwenda misheni nchi za mbali, kama Mungu atawafungulia mlango. Mott alikuwa mmoja wa hao 100.

Lakini moto wa kambi tunaujua, hata sisi hapa. Kijana anarudi kutoka kongamano akinena kwa lugha, mwezi wa pili amepoa. Wale vijana waliliona hilo. Wakaamua moto usiachwe pale pale mlimani. Watumwe watu wauchukue hadi vyuoni. Mwaka wa masomo wa 1886 hadi 1887, Wilder na mwenzake John Forman wakazunguka Marekani na Kanada. Walitembelea vyuo zaidi ya 160. Wanafunzi zaidi ya 2,000 wakajitoa.

Mwaka 1888 Mott alimaliza Cornell. Akaombwa awe katibu wa YMCA wa kuhudumia vyuo vya Marekani na Kanada. Kazi yenyewe ilikuwa ni safari tu: kupanda treni, kushuka, kuongea na wanafunzi, kupanda tena. Alikubali kwa mwaka mmoja, ajaribu. Akakaa 27. Mwaka huo huo akawekwa pia kuwa mwenyekiti wa ule umoja wa wanafunzi waliojitolea kwa misheni, na akauongoza zaidi ya miaka 30. Mbao za baba zikabaki kwa wengine.

Na mjue hakuwa mchungaji. Hakuwahi kuwekewa mikono. Alikuwa mshirika wa kawaida, Mmethodisti, mwenye kalenda na daftari. Kilichonivutia mimi mtu wa hesabu ni namna alivyofanya kazi. Hakuwa mtu wa kuhubiri, watu wapige makofi, halafu aondoke. Alipofika chuoni aliwatafuta viongozi wa wanafunzi, akakaa nao, akawasaidia kupanga mafunzo ya Biblia na maombi yao. Alipoondoka, kilibaki kikundi kinachoongozwa na wanafunzi wenyewe.

Mwaka 1891 alimwoa Leila White. Miaka minne baadaye, 1895, Mott na wenzake wachache, akiwemo Karl Fries wa Sweden, walikutana kwenye ngome ya zamani ya Vadstena huko Sweden, wakaanzisha shirikisho la wanafunzi Wakristo la dunia nzima. Wangeweza kuchapisha barua na kusubiri majibu. Mott hakusubiri. Yeye na Leila wakaondoka, wakazunguka dunia karibu miaka miwili: Ulaya, nchi za Mashariki ya Kati, India, Australia, New Zealand, Uchina, Japani. Kila walipopita, vyama vya wanafunzi viliunganishwa na vipya vikazaliwa. Na wakati huo hakuna ndege. Ni meli, na Mott bahari ilikuwa ikimwadhibu kwa kichefuchefu. Hata hivyo, katika maisha yake alivuka Atlantiki zaidi ya mara 100 na Pasifiki mara 14. Mimi nililalamika juu ya barabara ya Kericho.

Mwaka 1910 aliongoza mkutano mkubwa wa misheni wa Edinburgh, Uskoti, wa wajumbe wapatao 1,200. Rais Woodrow Wilson alimtaka awe balozi wa Marekani nchini Uchina. Kijana aliyewahi kuota ukubwa sasa aliletewa ukubwa nyumbani kwake, akakataa. Nadhani lile fungu la Yeremia lilikuwa bado linafanya kazi.

Nisiwafiche upande wa pili, kwa sababu maisha ya watakatifu tukiyapaka sukari hayatusaidii. Wale vijana waliota kwamba injili ingefika duniani kote katika kizazi chao. Haikuwa hivyo. Mwaka 1914 vita vikalipuka Ulaya, na wanafunzi waliokuwa ndugu katika shirikisho moja wakatumwa kupigana risasi. Mott alisimamia kazi kubwa ya YMCA kwa askari na kwa wafungwa wa vita wa pande zote mbili, lakini jeraha lilibaki. Baada ya 1920 idadi ya wanafunzi waliojitolea kwa misheni ilishuka mwaka baada ya mwaka, na katika vyuo vingi Biblia ikasogezwa pembeni, mambo mengine yakakaa katikati. Ofisi zilikuwepo, majina yalikuwepo, moto ukapungua. Ni onyo kwetu. Muundo mzuri ni kama jiko. Bila mtu wa kuongeza kuni, utabaki na jiko baridi.

Hata hivyo, kupitia umoja ule wamisionari wapatao 20,000 walikuwa wamekwenda sehemu mbalimbali za dunia. Mwaka 1946, akiwa na miaka 81, Mott alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, akishirikiana na Emily Greene Balch. Leila alitangulia mwaka 1952. Mott akamfuata tarehe 31 Januari 1955, huko Orlando, Florida.

Basi turudi Nakuru.

Nimejifunza mambo mawili, na yote yamenipiga mimi kwanza. La kwanza: mtu fulani alilipia ile safari ya Studd bila kujua kama kijana aitwaye Mott yupo. Mimi nilitaka kujua jina la mavuno kabla ya kununua mbegu. Kwa biashara huo ni uangalifu. Kwa kazi ya Mungu, siku nyingine ni kutoamini kuliokaa mezani na kuvaa tai.

La pili: ziara bila ufuatiliaji ni matembezi. Tukienda Njoro tukapiga picha, tukala chapati na watoto, tukarudi, tutakuwa tumechoma mafuta. Lazima ibaki namba ya simu inayopigwa, mtu mzima anayemjua kijana kwa jina, na CU inayojua kanisa la nyumbani liko nyuma yake.

Sisi tunajua sana kusindikiza. Mtoto akiitwa chuo, tunamnunulia godoro na meko ya gesi, tunamwita mbele, tunamwekea mikono, tunapiga vigelegele. Halafu tunanyamaza miaka minne. Akirudi ameshikwa na pombe au kamari ya simu, tunashangaa. Kwani nani alimfuata?

Kwa hiyo nimefanya hivi. Nimeufuta ule mstari mwekundu na Alhamisi nitaiomba kamati ya fedha iirudishe safari, pamoja na fungu dogo la kupiga simu mwaka mzima. Wakikataa, nitawaelewa, maana mwezi uliopita niliwaongoza mimi mwenyewe kukataa. Nitaomba tena. Nanyi nawaomba mambo matatu. Kila mzazi mwenye mtoto chuoni aandike jina lake, chuo na mwaka wa masomo, aache karatasi kwa wahudumu wa mlangoni. Kila nyumba iliyo tayari ichukue jina moja la kijana asiye wao, wamwombee na kumpigia simu. Na kama una kijana aliyeacha kabisa kuja ibadani, andika jina lake pia. Huyo tutaanza naye.

Yule mama wa mlangoni nilimpigia Jumatatu, nikamwomba radhi. Nikamwomba pia namba ya mtoto wake. Nimepiga mara mbili, hajashika. Nitapiga tena leo jioni. Mott naye alifika amechelewa.