Munganga Küntscher na msumari ndani ya mfupa

Sisi wa sindika ya migodi hapa Kalemie tumezoea kuandika juu ya mishahara, kofia na viatu vya kazi. Leo tunaandika juu ya munganga mmoja Mjerumani, wasomaji watuvumilie. Sababu ni mwenzetu aliyevunjika paja chini ya mawe. Walimlaza, wakamfunga kamba muguuni, uzito unaning'inia mwisho wa kitanda, miezi mitatu mgongo kwa godoro. Aliposimama, muguu ule ulikuwa mufupi kuliko mwingine, na kazi yake ilikwisha kupewa mtu. Mke wake njo alilisha nyumba, kwa kuuza ndagala.

Tukauliza kama hakuna njia nyingine. Njia iko, na mwenye kuileta ni Gerhard Küntscher.

Alizaliwa Desemba 1900 kule Zwickau, mji wa makaa ya mawe, sawa sisi tunavyojua makaa ya Lukuga. Yeye hakushuka shimoni. Alisomea uganga, akapata udaktari wake Jena, na mwaka 1930 akaingia hospitali ya chuo kikuu cha Kiel, mji wa bandari.

Mfupa mrefu, wa paja, wa muundi au wa mkono wa juu, si gogo. Ndani una tundu lenye uboho, kama mwanzi. Toka miaka ya 1920 munganga Smith-Petersen, kule Marekani, alitumia msumari wa chuma kushika shingo ya mfupa wa paja. Küntscher akaona: kama msumari unashika pale juu, kwa nini usipite tundu lote mpaka chini? Pamoja na fundi Ernst Pohl wa Kiel alitengeneza misumari ya chuma kisichoshika kutu, akaijaribu kwanza kwa mbwa.

Hafungui mahali palipovunjika. Anakata kidogo juu karibu na nyonga, anapitisha waya huku akiangalia kwa masine ya radio, halafu msumari unafuata na kugongwa kwa nyundo mpaka unashika vipande vyote viwili. Umbo lake lilikuwa la herufi V, baadaye la jani lenye pande tatu, kwa hiyo unajibana kidogo ukiingia, halafu unasukuma kuta za mfupa. Na kwa kuwa ngozi haikufunguliwa pale pa mvunjiko, vijidudu vinakosa mlango.

Mtu wa kwanza, Novemba 1939, alikuwa mfanyakazi wa kutengeneza meli aliyeanguka kazini. Tulifurahi kusoma hivyo. Sisi pia tuna bandari, na watu wanaanguka. Mwaka 1940 Küntscher alieleza jambo hilo Berlin mbele ya mkutano wa wapasuaji. Wengi hawakupenda. Waliogopa chuma kitaua uboho, na mafuta ya ndani ya mfupa yataingia mapafuni. Hofu hiyo haikuwa ya kipumbavu, mafuta yale kweli yanaweza kuua.

Tusifiche: alikuwa munganga katika jeshi la Hitler. Alipelekwa mpaka Lapland, Finland, na huko akafundisha wapasuaji wa kule. Msumari ulitengeneza askari wa vita ile mbaya, na pia wafungwa wa adui. Wamarekani waliporudi kwao wakipigwa radio, waganga wao walishangaa kuona chuma kirefu ndani ya paja. Mwaka 1945 jarida la Time likaandika juu ya ajabu hiyo.

Nyuma ya vita alifanya kazi Schleswig, na toka 1957 alikuwa mkubwa wa hospitali ya bandari Hamburg. Alitafuta namna ya kupanua tundu ili msumari munene uingie. Wengine, kama Klemm na Schellmann kwao, na Grosse na Kempf kule Strasbourg, wakaongeza skrubu zinazopita mfupa na msumari pamoja, ili muguu usizunguke wala kufupika. Hakuoa. Desemba 1972 alikutwa amekufa mezani kwake, kazi yake ya kuandika mbele yake.

Shida ya kwetu ni ile masine ya radio ya kuangalia wakati wa kupasua. Ni bei kali, na inataka umeme usiokatika. Lakini toka 1999 shirika la SIGN la Marekani linatoa msumari ambao skrubu zake zinapata njia kwa chuma cha kuelekeza kilichofungwa inje, bila masine ile. Ngambo ya ziwa, Tanzania, Taasisi ya Mifupa Muhimbili inautumia.

Mwenzetu bado anapita sindika siku ya Jumamosi, na fimbo yake. Tulimuonyesha picha ya msumari. Aliuliza paka urefu wake, na ni nani angeulipa.