Vittorio Sella: mtu aliyengoja ukungu wa Ruwenzori ufunguke

Mwaka wa 1906 ulikuwa na mambo mawili ambayo mkaaji wa Kolwezi anaweza kuyaweka pamoja. Mwezi wa sita, Mwitaliano mmoja alikuwa amesimama kwenye baridi ya Ruwenzori, mpakani mwa Kongo na Uganda, akingoja mawingu yaondoke ili apige foto ya barafu. Mwezi wa kumi mwaka huohuo iliundwa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ambayo baadaye ingejenga mji wa Kolwezi na kuvikata vilima vyake kutafuta shaba. Leo barafu ile imebaki kidogo sana, na vilima vingi vya shaba vimegeuka mashimo. Tofauti ni moja: barafu ya Ruwenzori ilipata mtu wa kuingojea na kuipiga foto vizuri.

Mtu huyo ni Vittorio Sella. Alifariki tarehe 12 Agosti 1943 katika mji aliozaliwa, Biella, kaskazini mwa Italia, akiwa na miaka 83. Hadi leo wapanda milima wengi humhesabu kati ya wapiga foto wakubwa wa milima waliowahi kuwapo. Hata hivyo hakuwa na studio ya kupiga foto za harusi wala za wateja. Foto ilikuwa upendo wake, si duka lake.

Mtoto wa ukoo wa sufu

Sella alizaliwa tarehe 28 Agosti 1859 katika ukoo uliokuwa na viwanda vya kufuma nguo za sufu. Baba yake, Giuseppe Venanzio Sella, alipenda kemia, na mwaka 1856 alitoa kitabu cha kufundisha upigaji foto, kimojawapo cha vitabu vya kwanza vya namna hiyo kwa Kiitaliano. Baba mdogo wake, Quintino Sella, alikuwa waziri wa fedha wa Italia, na mwaka 1863 alikuwa kati ya waanzilishi wa Chama cha Wapanda Milima cha Italia. Kijana Vittorio alikua kati ya mambo hayo mawili: dawa za foto na milima.

Wakati ule kupiga foto hakukuwa kazi ya kubonyeza tu. Mpiga foto alichukua bamba la kioo, akalipaka dawa ndani ya giza, akaliweka kwenye kamera likiwa bado bichi, akapiga, kisha akalisafisha haraka kabla dawa haijakauka. Anayefanya hivyo juu ya mlima alilazimika kubeba chumba chake cha giza mgongoni, kama hema. Mwaka 1879, akiwa na miaka 20 hivi, Sella alijaribu kazi hiyo juu ya mlima Mars, karibu na Biella, akapiga foto kadhaa za kuunganishwa ili zionyeshe milima yote inayozunguka.

Dawa zilipobadilika na mabamba makavu yakaanza kuuzwa, mzigo ulipungua kidogo, lakini Sella akajiongezea mwingine. Alichagua mabamba makubwa ya sentimita 30 kwa 40. Kamera yake ilikuwa na uzito wa kilo 18 hivi, na kila bamba karibu kilo moja. Aliye na mabamba 12 amebeba kilo 12 za kioo, na akianguka mara moja kazi ya wiki nzima imekwisha. Sella alibuni mwenyewe mifuko ya mgongoni na matandiko ya wanyama ya kubebea vioo hivyo bila kuvunjika. Alitaka kila ufa wa jiwe na kila mkunjo wa theluji uonekane, na kwa vyombo vya wakati ule bamba kubwa ndilo lililoweza kufanya hivyo.

Kupanda na kungoja

Sella hakuwa mtu wa kupiga foto kutoka bondeni. Mwezi wa tatu mwaka 1882 aliongoza safari ya kwanza ya kuvuka mlima Cervino, ambao wengine huuita Matterhorn, wakati wa majira ya baridi. Mwaka 1884 alikuwa kati ya watu wa kwanza kufika juu ya Monte Rosa katika majira hayohayo. Baada ya hapo alitoka Ulaya. Alikwenda mara tatu kwenye milima ya Kaukazi, mwaka 1889, 1890 na 1896, na Shirika la Kifalme la Jiografia la London likampa tuzo kwa kazi aliyoifanya huko. Mwaka 1897 alifika Alaska na mwanamfalme wa Italia, Luigi Amedeo wa Abruzzi, katika safari iliyopanda mlima Saint Elias kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1899 ulimfundisha jambo ambalo kila mpiga foto wa mandhari hulijua mapema au baadaye. Alikuwa na Mwingereza Douglas Freshfield katika safari ya kuuzunguka Kangchenjunga, mlima wa tatu kwa urefu duniani. Mwezi wa tisa theluji nyingi iliwaangukia, nje ya matarajio yao. Kwa mpanda mlima hiyo ilikuwa hasara, kwa sababu njia zilifunikwa na mipango ikaharibika. Kwa Sella, theluji ilipokoma, kila kilele kilikuwa kimevaa nguo mpya. Baadhi ya foto zake zinazojulikana zaidi, pamoja na zile za kilele cha Siniolchu, zilitoka katika safari hiyo. Asingeweza kuipanga theluji ile. Alichoweza kufanya ni kuwapo mahali pale, kamera ikiwa tayari, siku ambayo wengine walikuwa wanahesabu hasara.

Mlima unaojificha

Miaka saba baadaye mwanamfalme Luigi Amedeo alimwita tena, safari hii kwa ajili ya Afrika. Ruwenzori ulikuwa na sifa ya kujificha. Stanley alikuwa ameshapita karibu nao bila kuutambua, mpaka tarehe 24 Mei 1888 mawingu yalipofunguka na theluji ikaonekana juu yake. Wasafiri waliomfuata walizuiwa na mvua na ukungu, na hakuna aliyejua kwa hakika kilele kirefu kuliko vyote ni kipi.

Safari iliondoka Napoli mwezi wa nne 1906. Walishuka Mombasa, wakapanda treni mpaka ziwa Victoria, wakavuka kwa meli hadi Entebbe, kisha wakaenda kwa miguu mpaka Fort Portal na bonde la Mobuku pamoja na mamia ya wapagazi. Sella alikuwa na msaidizi wake, Erminio Botta. Huko juu, mizigo ilibebwa na Bakonzo, wenyeji wa mlima, ndugu wa Banande wa upande wa Beni na Lubero. Kambi kubwa ilikuwa Bujongolo, chini ya jabali, kwenye mita karibu 3,800. Ni lazima jambo hili lisemwe: milima sita mikubwa ya Ruwenzori kwenye ramani ina majina ya Wazungu, na hakuna hata mmoja wenye jina la Mkonzo aliyebeba mzigo.

Tarehe 18 Juni 1906 mwanamfalme na waongozaji wake walifika Alexandra na Margherita. Margherita, wenye mita 5,109, ndio urefu wa juu kabisa wa Kongo na wa tatu Afrika. Kwa mpanda mlima, kazi kubwa ilikuwa imekwisha siku hiyo. Kwa mpiga foto ilikuwa bado. Mtu aweza kufika kileleni ndani ya ukungu na akahesabiwa kuwa amefika. Foto iliyopigwa ndani ya ukungu ni karatasi nyeupe tu.

Ndiyo maana kazi ya Sella ilikuwa ya polepole kuliko ya wenzake. Katika Ruwenzori mawingu hupanda kutoka mabondeni asubuhi na kufunika kila kitu, na nafasi ya kuona mbali huwa fupi. Alipaswa kufika mahali pa juu, kusimamisha kamera, kukaa kwenye baridi na unyevu, na kungoja. Alirudi na mandhari ndefu za vilele na barafu, pamoja na foto za misitu ya ajabu ya mlima huo: lobelia wanaopita urefu wa mtu, na miti iliyofunikwa na kuvumwani kama manyoya. Ramani ya mwanamfalme ilionyesha mahali vilele vilipo. Foto za Sella zilionyesha sura yake. Zilitolewa katika kitabu cha safari kilichoandikwa na Filippo De Filippi mwaka 1908, zikiwa na majina ya mahali. Mojawapo ya vilele vya mlima Luigi di Savoia, katika Ruwenzori, unaitwa Sella hadi leo.

Kazi iliyobaki

Mwaka 1909, akikaribia miaka 50, Sella alikwenda na mwanamfalme huyohuyo kwenye milima ya Karakoram. Huko kwenye mlima Chogolisa mwanamfalme alifika karibu mita 7,500, urefu ambao hakuna aliyejulikana kuufikia kabla, kisha ukungu ukamrudisha. Foto za Sella za K2 zilirudi salama, na vizazi vya wapanda milima vilizichunguza kutafuta njia. Mpiga foto mashuhuri wa Marekani, Ansel Adams, aliandika kumsifu.

Sella alizeeka bila kuacha milima. Alipokuwa na miaka 76 alijaribu tena kupanda Cervino, na ilikuwa ajali ya mmoja wa waongozaji wake iliyomfanya ageuke. Baada ya kifo chake mabamba yake yalihifadhiwa Biella, na taasisi yenye jina la ukoo wake inayatunza.

Sella alipiga foto kwa ajili ya uzuri na kwa ajili ya ramani. Hakuna mtu wa 1906 aliyemwambia kwamba anaandika ushahidi. Lakini wataalamu wanakadiria kwamba mwaka ule barafu ya Ruwenzori ilienea kwenye milima sita, ikiwa na eneo la kilomita za mraba 7 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa imebaki kwenye milima mitatu tu, Stanley, Speke na Baker, na eneo lake lilikuwa chini ya kilomita za mraba 2. Mwaka 2022 UNESCO ilisema kwamba barafu za Afrika zilizo katika maeneo ya urithi wa dunia huenda zikaisha ifikapo mwaka 2050. Mtu anayetaka kuona kilichopotea huweka foto ya leo kando ya foto ya Sella. Kwa sababu Sella alingoja mpaka hewa iwe safi, ukingo wa barafu ya wakati ule unaonekana wazi.

Na hapa Lualaba?

Katanga nayo ilipata wapiga foto wa mwanzo. Msafara wa Charles Lemaire, kati ya 1898 na 1900, ulikuwa na mpiga foto François Michel na mchoraji Léon Dardenne, na zaidi ya miaka mia baadaye msanii wa Lubumbashi Sammy Baloji alizirudia foto hizo katika kazi zake. Lakini sehemu kubwa ya mandhari yetu ilibadilika bila mtu wa kuingoja. Makorongo ya Nzilo, mahali Lualaba ilipopita kwa kishindo, yalibadilika mto ulipozuiwa na bwawa miaka ya 1950. Katika mtaa wa Kasulo, Kolwezi, kuanzia 2014 watu walichimba kobalti hata chini ya nyumba zao, na sura ya mtaa ikageuka ndani ya miaka michache.

Jioni katika komini ya Manika utaona vijana wakiinua simu zao kupiga foto ya jua linaposhuka nyuma ya vilima vya mabaki ya migodi. Simu hiyo haina uzito wa kilo 18 na haihitaji hema la giza. Kinachokosekana mara nyingi ni yale mengine aliyokuwa nayo Sella: kurudi mahali palepale, kungoja vumbi litulie au moshi wa kiangazi usafishwe na mvua ya kwanza, kisha kuandika tarehe na jina la mahali. Karibu na migodi ni vizuri kuomba ruhusa kwanza. Kwingineko, kwenye uwanda wa Manika na kando ya ziwa la Nzilo, kinachohitajika zaidi ni muda.

Kilima kinachoonekana leo kutoka dirishani kinaweza kuwa shimo baada ya miaka kumi. Siku hiyo mtoto atauliza palikuwa na nini hapo. Watu wa Ruwenzori wanaweza kumwonyesha foto ya 1906. Sisi wa Lualaba tutamwonyesha ile tutakayokuwa tumeipiga.