D.O. Misiani: Gitaa, Fumbo na Mpaka

Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Methali hii inaafiki maisha ya Daniel Owino Misiani, gwiji wa benga, ambaye mafumbo yake yalimpa sifa na pia kumtia matatani.

Misiani alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Nyamagongo, Shirati, mkoani Mara nchini Tanzania, karibu na mpaka wa Kenya. Mpaka huo, uliochorwa na wakoloni Waingereza na Wajerumani, uliwagawa Wajaluo wa ufuo mmoja wa ziwa. Wazazi wake walikuwa waimbaji, lakini kwa sababu za kidini hawakutaka mwana wao awe mpiga gitaa. Inasimuliwa kuwa babake alilivunja gitaa lake. Kijana huyo hakukata tamaa. Katika miaka ya 1960 alivuka kuingia Kenya kutafuta riziki kwa muziki.

Mwaka 1965 aliunda bendi ya Victoria Boys, ambayo baada ya kubadili majina mara kadhaa ilikuja kuvuma kama Shirati Jazz. Neno jazz lisitupotoshe. Enzi hizo Afrika Mashariki, bendi nyingi za dansi zilijiita hivyo, ingawa hazikupiga jazz ya Wamarekani Weusi. Shirati Jazz ilipiga benga, muziki ambao gitaa la solo huiga mdono wa nyatiti, ala ya Wajaluo yenye nyuzi nane, na kujibizana na mwimbaji huku besi ikikokota wachezaji.

Kwa Misiani, hata hivyo, dansi ilikuwa chambo tu. Ndoano ilikuwa maneno. Aliimba kwa Kijaluo, akichota visa katika Biblia, historia na ngano za wanyama, hata akaitwa Mfalme wa Historia. Nyani anayetajwa katika anwani ya wimbo wake Bim en Bim alifasiriwa na wengi kuwa ni watawala. Tatizo ni kwamba serikalini nako kulikuwa na werevu. Alitiwa mbaroni mara kadhaa na kurudishwa Tanzania, kwani mzaliwa wa ng'ambo ya mpaka ni rahisi kuitwa mgeni. Naye kila mara alirejea.

Mwaka 1987 bendi yake ilizuru Uingereza, na sauti ya ziwa ikasikika mbali. Tarehe 17 Mei 2006, Misiani alifariki katika ajali ya barabarani mjini Kisumu, katika nchi iliyompa jina na kumfukuza.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi ana la kujifunza hapa. Tumezoea kulieleza fumbo kama pambo la lugha. Kwa Misiani lilikuwa ngao, na ngao hiyo haikumkinga daima. Lakini wimbo haukuhitaji pasipoti: kila alipofukuzwa yeye, nyimbo zake zilibaki zikichezwa.