Mtu Aliyeyapa Mabati Nguvu

Kwetu ni Kawangware, nyumba ya mabati, kuta hadi paa. Nilipoingia kidato cha kwanza niliwaficha wenzangu jambo hili, manake niliogopa kuchekwa. Aliyenitoa aibu ni marehemu Henry Robinson Palmer.

Palmer alizaliwa mwaka wa 1795 huko Hackney, London, mtoto wa mhubiri. Alijifunza kazi katika karakana ya Bryan Donkin, halafu akafanya kazi chini ya mhandisi mashuhuri Thomas Telford. Mwaka wa 1818, yeye na vijana wenzake wachache walianzisha chama cha wahandisi wa ujenzi, nacho kipo hadi leo. Mwaka wa 1821 alisajili reli ya chuma kimoja, mizigo ikining'inia pande zote mbili.

Baadaye akawa mhandisi wa gati za London. Bohari za pale zilihitaji mapaa mapana yasiyo mazito. Bati bapa lilikuwepo, likitengenezwa kwa kupitisha chuma katikati ya rola mbili. Lakini bati bapa lina matata yake. Upande mmoja ukivutika kuliko wa pili, kwa mfano rola moja ikienda mbio kuliko nyingine, bati hutoka limejikunja. Baba yangu ni fundi Kamukunji, na kugonga bati la namna hiyo ili linyooke ni kazi ya jasho. Na hata likinyooka, ukiliweka juu ya paa hubonyea katikati.

Palmer hakushindana na mkunjo, aliufanya rafiki. Alipitisha bati kwenye rola zenye mifereji, likatoka na migongo na mabonde. Uvumbuzi huo aliusajili mwaka wa 1829. Jaribuni wenyewe: karatasi tupu hulegea mkononi, lakini ukiikunja kama kipepeo hubeba kalamu.

Alifariki mwaka wa 1844, hajatimiza miaka 50. Hakujua kwamba reli itakapofika Nairobi mwaka wa 1899, majengo mengi ya mwanzo ya mji huu yatakuwa ya mabati yake.

Nilipomsimulia baba, alicheka, akapapasa ukuta wetu. Siku hizi wenzangu huja kwetu kudurusu. Mvua ikinyesha hatusikizani kabisa, lakini madaftari hayalowi. Nanyi karibuni.