Ibn Abi Hatim al-Razi: Mwanachuoni Aliyepima Watu na Kuiogopa Mizani Yake

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Muhula uliopita, katika hosteli yetu, ilizuka tabia ya kupimana. Mtu anafungua simu, anajibu maswali ishirini, na simu inamwambia yeye ni mtu wa aina gani. Mwanzoni ulikuwa mzaha. Kisha tukaanza kuwajibia watu ambao hawakuwepo. Ndugu mmoja tuliyekuwa tukisali naye safu moja tulimjibia maswali yote, na simu ikatoa hukumu kwamba ana maradhi ya kujipenda kupita kiasi. Jina lile likamganda. Haikupita wiki mbili akaacha kuja kwenye darsa. Nami, Allah anisamehe, nilikuwa miongoni mwa waliobonyeza majibu.

Muhula huohuo, katika somo la elimu ya hadithi, tulifika mlango wa al-jarh wat-ta'dil, yaani elimu ya kuwakosoa na kuwathibitisha wapokezi. Hapo nikakutana na maisha ya mtu aliyetumia umri wake mzima kuwapa watu daraja. Ndugu msomaji, nakuletea maisha yake kwa ufupi, kwa sababu yalinifundisha jambo ambalo simu yangu haikunifundisha.

Mtoto wa Rayy

Jina lake ni Abdurrahman bin Muhammad bin Idris, kun-ya yake Abu Muhammad, lakini umma unamjua kama Ibn Abi Hatim al-Razi. Alizaliwa mwaka 240 H (854 M) katika mji wa Rayy, ambao magofu yake yako pembezoni mwa Tehran ya leo, nchini Iran. Baba yake, Abu Hatim al-Razi, alikuwa miongoni mwa mahafidhi wakubwa wa zama zile. Katika ujana wake mzee huyo alitembea kwa miguu kutafuta hadithi. Alihesabu masafa aliyokwenda mpaka yakapita farsakh 1,000, kisha akaacha kuhesabu. Aliwahi kuishiwa mjini Basra hadi akauza nguo zake moja baada ya nyingine ili asikatishe masomo.

Mtoto wa mtu kama huyo angetarajiwa kuanza hadithi tangu utotoni. Baba hakukubali. Alimzuia asiandike hadithi hata moja mpaka kwanza aisome Qur'ani, akamkabidhi kwa mwalimu wa qiraa, al-Fadl bin Shadhan. Alipomaliza ndipo mlango ukafunguliwa.

Mwaka 255 H baba alimchukua kwenda Hija. Abdurrahman alikuwa na miaka kama 15. Wanasimulia kwamba usiku walipofika Dhul-Hulayfa, mahali pa kuhirimia, kijana alibaleghe. Baba alifurahi mno, kwa kuwa mwanawe alikuwa ameidiriki Hija ya faradhi.

Tangu hapo hakumwacha baba yake apumue. Mzee akila, mtoto anamsomea na kumuuliza. Akitembea, anamfuata na daftari. Akiingia chooni, sauti ya mtoto inamfikia kutoka nje. Akiingia ndani kutafuta kitu, mtoto yuko nyuma yake. Maswali hayo, pamoja na yale aliyomuuliza rafiki wa baba yake, Imamu Abu Zur'a al-Razi, ndiyo yaliyokuja kuwa vitabu vyake.

Samaki mbichi wa Misri

Mwaka 262 H alisafiri peke yake kwenda Sham na Misri. Huko Misri alikaa miezi saba bila kuonja mchuzi. Mchana yeye na mwenzake walizunguka kwa mashekhe, na usiku walinakili na kulinganisha walichoandika. Siku moja walikwenda kwa shekhe wakaambiwa ni mgonjwa. Njiani wakaona samaki akawapendeza, wakamnunua. Walipofika nyumbani, wakati wa darsa la shekhe mwingine ulikuwa umeingia, wakamwacha samaki wakaenda. Ikawa hivyo siku tatu mfululizo. Samaki alipokaribia kuharibika, walimla mbichi, kwa sababu hawakupata hata muda wa kumpelekea mtu awachomee.

Sisi ambao tukikosa chai ya asubuhi tunakosa na kipindi, kisa hiki kinatutosha. Kinaonyesha pia kwamba mtu huyu hakukaa barazani akitoa hukumu juu ya watu asiowajua. Kila neno aliloandika juu ya mpokezi lilikuwa na safari nyuma yake, yake mwenyewe au ya walimu wake.

Ngazi nane

Kazi yake kubwa ni kitabu *al-Jarh wat-Ta'dil*, ambacho toleo lake lililochapwa Hyderabad, India, lina juzuu tisa. Ndani yake mna wasifu wa watu zaidi ya 18,000. Msingi wake ulikuwa *al-Tarikh al-Kabir* cha Imamu al-Bukhari, kilichowataja wapokezi kwa wingi. Ibn Abi Hatim aliwauliza baba yake na Abu Zur'a juu ya mtu mmoja mmoja, wakaongeza, wakapunguza, wakatoa hukumu. Akakusanya pia kauli za Maimamu waliotangulia kama Ahmad bin Hanbal na Yahya bin Ma'in.

Kabla yake wanachuoni walikuwa wakitumia maneno mengi ya sifa na ya kasoro. Ibn Abi Hatim aliyapanga katika ngazi, na kila ngazi akaipa hukumu ya nini kifanywe na hadithi ya mtu huyo. Upande wa kusifiwa una daraja nne. Juu kabisa ni *thiqa*, mwaminifu madhubuti, ambaye hadithi yake ni hoja. Anafuatia *saduq*, mkweli, ambaye hadithi yake huandikwa na kuchunguzwa. Kisha *shaykh*, naye huandikwa na kuchunguzwa, ila yuko chini ya wa pili. Mwisho ni *salih al-hadith*, ambaye hadithi yake huandikwa kwa ajili ya kulinganishwa na nyingine.

Upande wa kukosolewa nao una nne: *layyin*, aliye laini, *laysa bi-qawi*, asiye na nguvu, *da'if*, dhaifu, ambaye hata hivyo hatupwi, na chini kabisa *matruk* na *kadhdhab*, aliyeachwa na mwongo, ambao hadithi zao haziandikwi. Waliokuja baadaye walijenga juu ya ngazi hiyo. Al-Dhahabi aliongeza, na Ibn Hajar katika *Taqrib al-Tahdhib* alizifikisha daraja 12.

Mizani hii ilikuwa inapima mambo mawili: uadilifu wa mtu, na uimara wa hifadhi yake. Mtu anaweza kuwa mchamungu anayelia usiku kucha, na bado akaandikwa dhaifu kwa kuwa anachanganya majina. Kuandikwa dhaifu hakukuwa na maana kwamba ni mtu mbaya. Hukumu ilihusu jambo moja tu, kama tupokee hadithi kwake au tusipokee, wala haikudai kumjua mtu mzima.

Jambo jingine ni kwamba wengi waliomo kitabuni hawana daraja yoyote. Ametaja jina, walimu na wanafunzi, kisha akaacha wazi. Mwenyewe alieleza kwamba aliwaingiza ili kitabu kimkusanye kila aliyepokewa elimu, kwa matumaini kwamba hukumu zao zitapatikana baadaye. Asipokuwa na ushahidi, hakubuni alama.

Wapimaji wawili

Katika utangulizi wa kitabu amesimulia kisa cha baba yake. Mtu mmoja msomi, wa wale wa fikihi ya rai, alimjia Abu Hatim na daftari la hadithi. Abu Hatim akapitia: hii ina kosa, hii imeingiliwa na nyingine, hii ni ya uongo, na zilizobaki ni sahihi. Yule mtu akashangaa amejuaje, akamshuku kwamba anadai elimu ya ghaibu. Abu Hatim akamwambia aende kwa Abu Zur'a amuulize maswali yaleyale. Akaenda, akarudi na majibu ya Abu Zur'a yameandikwa, nayo yalikubaliana na ya Abu Hatim. Mtu akastaajabu kwamba wawili hao wameafikiana bila kushauriana. Abu Hatim akamfananishia na mtambuzi wa dinari, anayeijua ya bandia kwa kuiangalia tu kwa sababu ya uzoefu wake.

Wataalamu wa saikolojia wa leo wanalijua jaribio hilo. Chukua mfano wa orodha ya Robert Hare wa Kanada inayotumika kupima saikopathi. Ina vipengele 20, kila kimoja hupewa alama 0, 1 au 2, jumla 40, na Amerika Kaskazini mpaka unaotumika mara nyingi ni 30. Lakini haijazwi na rafiki aliyekasirika. Anayeijaza ni mtaalamu aliyefunzwa, baada ya kumhoji mtu na kusoma kumbukumbu za maisha yake, na kipimo chenyewe huchunguzwa kama wapimaji wawili tofauti hufikia alama zinazokaribiana. Mizani bila mpimaji aliyefunzwa ni kama kisu mkononi mwa mtoto.

Mizani inapokosea

Hata hivyo mizani ya mabingwa nayo iliteleza. Katika kitabu hichohicho kuna wasifu wa Imamu al-Bukhari. Ibn Abi Hatim ameandika kwamba baba yake na Abu Zur'a walisikia hadithi kwake, kisha wakaiacha hadithi yake baada ya kupata barua ya Muhammad bin Yahya al-Dhuhli wa Naysabur, katika ule mzozo juu ya matamshi ya msomaji wa Qur'ani. Fikiria: mwenye *Sahih*, mtu ambaye kitabu chake kilikuwa msingi wa kitabu hiki, ameachwa kwa sababu ya barua!

Umma haukuikubali hukumu hiyo. Wanachuoni wa baadaye waliweka kanuni kwamba maneno ya watu wa zama moja dhidi ya wenzao, yakitokana na ugomvi au ushindani, hayapokelewi hivihivi. Hawakuitupa mizani, wala hawakuwatusi Abu Hatim na Abu Zur'a. Walichofanya ni kumpima na mpimaji.

Ikiwa bahari mbili za elimu zilikosea kwa mtu waliyemsikiliza kwa masikio yao, sisi wa hosteli tuna usalama gani?

Kitabu kinaanguka

Ibn Abi Hatim aliishi miaka 50 baada ya baba yake kufariki mwaka 277 H. Aliandika tafsiri ya Qur'ani kwa isnadi, kitabu cha *'Ilal* juu ya kasoro zilizofichika za hadithi, na kitabu cha adabu na sifa za Imamu al-Shafi'i. Watu wa Rayy walimjua kwa sala ndefu na zuhudi.

Alikuwa na hakika kwamba kazi yake si kusengenya. Wanachuoni walikwisha kueleza kwamba kubainisha hali ya mpokezi ni nasaha kwa ajili ya dini, kwani bila hivyo uongo ungeingizwa katika maneno ya Mtume (rehma na amani zimshukie). Alifanya kwa haja, kwa elimu, na kwa kiasi cha haja.

Siku moja, akiwa amekaa anawasomea watu *al-Jarh wat-Ta'dil*, mtu mmoja aliingia akamsimulia neno lililopokewa kutoka kwa Yahya bin Ma'in: kwamba wao wanawatia dosari watu ambao pengine wamekwisha kutua mizigo yao Peponi zamani. Ibn Abi Hatim akalia. Mikono ikamtetemeka mpaka kitabu kikaanguka. Akawa analia na kumtaka yule mtu arudie kisa.

Hakukichoma kitabu. Elimu ile ilikuwa ya lazima na aliendelea nayo. Lakini aliibeba kama mtu abebaye kaa la moto kwa ajili ya kuwapikia wengine. Alifariki Rayy katika mwezi wa Muharram mwaka 327 H (938 M), akiwa na miaka ipatayo 87. Allah amrehemu.

Kwetu sisi

Ndugu zangu, sisemi tuache saikolojia. Yupo miongoni mwetu anayehitaji kweli kupimwa na kutibiwa, na kumpeleka kwa mtaalamu ni wema. Ninachosema ni kwamba aliyepima watu 18,000 alisafiri, aliuliza, alilinganisha, aliacha wazi asichokijua, na bado alilia. Sisi tulimpima mmoja kwa dakika tano, tukacheka. Surat al-Hujurat imekusanya yote katika aya chache: kuhakikisha habari, kutoitana majina mabaya, kuepuka dhana, kutosengenyana. Tulikuwa tumezivunja zote kwa kidole kimoja.

Niliposoma kisa cha kitabu kuanguka, nilikwenda kugonga mlango wa yule ndugu. Alinifungua, akanisikiliza, akasema amesamehe. Kwenye darsa bado hajarudi. Kiti chake tumekiacha.

Wabillahi tawfiq.