Denis Burkitt: Daktari aliyetaka bomba lifungwe kwanza

Kisukari, shinikizo la damu na kiharusi ni magonjwa yanayotajwa sana mijini, na sasa yanasikika hadi vijijini. Kwa nini magonjwa ya namna hii huwapata zaidi watu wa mahali fulani kuliko pengine? Mmoja wa waliofuatilia swali hilo kwa miaka mingi ni daktari aliyefanya kazi hapa Afrika Mashariki, Denis Burkitt.

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 katika mji wa Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11, jiwe lilivunja miwani yake na akapoteza jicho moja. Alianza kusomea uhandisi mjini Dublin, kisha akahamia udaktari na kuwa bingwa wa upasuaji. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa daktari wa jeshi, na kazi hiyo ikamfikisha Kenya na Somalia. Mwaka 1946 alipangiwa Lira, kaskazini mwa Uganda, baadaye akahamia hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita kumwangalia mtoto aliyevimba taya. Muda mfupi baadaye aliona mtoto mwingine wa aina hiyo huko Jinja. Burkitt akaanza kuuliza hospitali nyingine na kuchora ramani. Mwaka 1961, yeye na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari kukuu takribani kilomita 16,000, wakipita Tanganyika hadi Afrika Kusini. Ramani ilionesha kuwa saratani hiyo ilipatikana sehemu za joto na mvua, si nyanda za juu zenye baridi. Leo inaitwa limfoma ya Burkitt, na inajulikana kuwa malaria inachangia kuileta.

Alirudi Uingereza mwaka 1966. Huko, maandishi ya Peter Cleave, daktari wa jeshi la majini, yalimfungulia jambo jingine. Cleave aliamini kuwa sukari na unga mweupe ndivyo chanzo cha maradhi mengi ya Wazungu. Burkitt akakumbuka wodi za Mulago. Saratani ya utumbo mpana, mawe kwenye nyongo na ugonjwa wa moyo, vilivyojaa hospitali za Uingereza, vilikuwa nadra kwa wagonjwa wake. Trowell naye alikwisha kuandika kitabu kuhusu hilo mwaka 1960.

Burkitt akatuma fomu kwa hospitali nyingi za Afrika na Asia akiomba idadi ya wagonjwa. Pia alipima choo. Mwaka 1972 yeye na wenzake walionesha kuwa kwa wanakijiji wa Uganda chakula kilipita tumboni kwa takribani siku moja na nusu. Kwa vijana wa jeshi la majini la Uingereza kilichukua zaidi ya siku tatu. Tofauti kubwa aliyoiona ni makapimlo, yaani nyuzinyuzi za chakula, zinazobaki mashineni nafaka inapokobolewa.

Katika mihadhara alipenda kuonesha mchoro wa watu wanaodeki sakafu huku maji ya bomba yakifurika kwenye sinki. Maana yake ilikuwa wazi: madaktari wanadeki, na bomba limeachwa wazi.

Burkitt hakuwa sahihi katika kila kitu. Makapimlo si sababu pekee, ingawa utafiti wa baadaye umeonesha kuwa yanasaidia kupunguza saratani ya utumbo, kisukari na ugonjwa wa moyo. Leo, miongoni mwa vinavyoongoza kwa kuua duniani ni shinikizo la juu la damu na tumbaku. Na mjini hubadilika mengi kwa pamoja. Watafiti waliwafuatilia watu waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam. Ndani ya mwaka mmoja uzito wao uliongezeka kwa zaidi ya kilo 2 kwa wastani, na kazi za nguvu zilipungua sana.

Basi, kijana anayetoka Isansa kwenda kufanya biashara Tunduma aanze na lipi? Asijaribu kubadili yote kwa siku moja. Kwanza apime presha, kwa sababu mara nyingi haina dalili. Kama anavuta sigara, aache. Apunguze chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, na pombe nayo ipungue. Jembe aliloliacha shambani ndilo lililokuwa mazoezi yake, hivyo atembee kwa miguu palipo karibu badala ya kupanda bodaboda.

Halafu kuna unga. Dona, maharage na mboga za majani vina makapimlo kuliko sembe, na havihitaji fedha nyingi. Lakini mahindi ya dona yakaushwe vizuri na punje zenye ukungu zitolewe, maana sumukuvu huharibu ini.

Burkitt alifariki Machi 23, 1993, akiwa na miaka 82. Kwa wengi wetu, bomba la kufunga kwanza halihitaji bingwa. Linaanzia kwenye kipimo cha presha cha zahanati, na kwenye debe la mahindi kabla halijafika mashineni.