John Glenn, Mwanaanga Aliyepita Juu Yetu



Leo, 18 Julai, ni siku ya kuzaliwa ya John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuizunguka Dunia akiwa angani. Alizaliwa mwaka 1921 Cambridge, Ohio. Hakuwa Mkatoliki, alikuwa Mpresbiteri, ila mimi namkumbuka kwa habari ya sala kuliko roketi.

Ujana wake naupita haraka. Alikuwa rubani wa kivita, akaruka mara 149 katika Vita Kuu ya Pili na vita ya Korea. Mtu wa namna hiyo kifo anakifahamu.

Tarehe 20 Februari 1962 alipaa kutoka Florida, peke yake, ndani ya chombo kidogo kiitwacho Friendship 7. Huku kwetu ilikuwa jioni, na Tanganyika ilikuwa na uhuru wa miezi miwili tu. Wamarekani walikuwa na vituo vya kuwasiliana naye, kimoja Kano, Nigeria, kingine Tunguu, Unguja (hiki kiliondolewa baada ya Mapinduzi ya 1964). Chukua ramani, unganisha Kano na Zanzibar kwa rula: mstari unapita juu ya Ziwa Victoria! Yaani labda babu zetu wa Tarime na Mugumu walikuwa wanarudisha ng'ombe zizini, na mtu anapita huko juu kwa kasi ya kilomita 28,000 hivi kwa saa.

Mzunguko wa kwanza ukielekea kwisha, mfumo wa kujiendesha ukaanza kusumbua, ikabidi aendeshe kwa mkono. Halafu mitambo ya chini ikaonyesha kwamba ngao ya kuzuia joto imelegea. Ikitoka, anaungua. Hawakumwambia wazi, walimuuliza tu kuhusu swichi fulani, kituo baada ya kituo, mpaka akaanza kuelewa mwenyewe. Wakati wa kushuka aliona vipande vya moto vikipita dirishani. Kumbe ngao ilikuwa salama, hitilafu ilikuwa kwenye swichi. Baada ya saa 4 na dakika 55 akatua baharini, mzima.

Aliporudi aliulizwa kama aliomba kule juu. Akajibu kwamba dini kwake si gari la zimamoto, la kuita moto ukiwaka na kulisahau ukizimika. Mambo yake na Mungu alikuwa ameyaweka sawa miaka mingi kabla. Sasa hapa Tarime, wiki ya mtihani wa kidato cha nne kanisani hakuna pa kukaa. Mtihani ukiisha, wapi! Najua mnacheka. Darasani kwenye falsafa tulichambua hoja nyingi za kwamba Mungu yupo. Glenn ananiuliza swali gumu zaidi: naongea naye lini?

Na kuna mkewe, Annie, aliyekuwa na kigugumizi kikali. Januari ile safari ilipoahirishwa, Makamu wa Rais Lyndon Johnson alitaka kuingia nyumbani kwao na kamera za televisheni. Annie akakataa. Wakubwa wakambana Glenn amshawishi mkewe, naye akasimama na mkewe, ingawa angeweza kuondolewa kwenye safari.

Baadaye akawa seneta, na mwaka 1998 akarudi angani akiwa na miaka 77. Alifariki 8 Desemba 2016. Alizikwa Arlington 6 Aprili 2017, tarehe ile ile waliyofunga ndoa mwaka 1943. Annie alikuwepo, na miaka yake 97.